UCHAMBUZI: Sumu ya sigara za kielektroniki imo pia katika chombo, si katika kiowevu pekee

MJADALA kuhusu sigara za kielektroniki umekuwa ukizunguka mambo mawili: kiwango cha nikotini na ladha tamu zinazowavutia vijana. Wazazi hulalamikia ladha ya embe na pipi. Maafisa wa afya huonya kuhusu uraibu. Nao watengenezaji hujitetea kwamba bidhaa zao hazina moshi wala lami ya tumbaku.

Katika vuta nikuvute hiyo, swali moja halijaulizwa inavyostahili. Je, lile tangi dogo linalobeba kiowevu limeundwa kwa kitu gani?

Wengi watalipuuza swali hili wakidhani ni la wahandisi na wafanyabiashara. Hata hivyo, ushahidi wa kisayansi uliokusanywa tangu mwaka 2013 unaonyesha kwamba baadhi ya sumu zinazofika katika mapafu ya mvutaji hazitoki katika kiowevu alichonunua. Zinatoka katika chombo anachokishika mkononi. Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Sheria inayopima kilichomo ndani ya chupa pekee, bila kukagua chombo chenyewe, hufanya nusu ya kazi. Wakati huu ambapo Kenya inajaribu kuweka kanuni za bidhaa hizi, ni vyema kuelewa jinsi tangi linavyoundwa, kwa nini mtengenezaji huchagua plastiki, kioo au chuma, na ni nani anayeumia uchaguzi huo unapofanywa vibaya.

Matakwa manne yasiyopatana

Sigara ya kielektroniki ya kisasa ilibuniwa na mfamasia Mchina, Hon Lik, mwaka 2003, na ikaanza kuuzwa nchini Uchina mwaka uliofuata. Kanuni yake si ngumu. Betri hupeleka umeme katika waya mwembamba uliogusana na utambi. Utambi hufyonza kiowevu, waya hupata moto, na kiowevu hugeuka kuwa mvuke ambao mtu huuvuta.

Vifaa vya kwanza vilihifadhi kiowevu katika sifongo au pamba. Kiasi kilikuwa kidogo, na mvutaji hakuweza kujua kimebaki kiasi gani. Ndipo wabunifu walipoleta tangi dogo lililo wazi kama chupa, ambalo kiowevu hukaa ndani yake na kuufikia utambi kupitia matundu madogo.

Anayebuni tangi hilo hukabiliwa na matakwa manne. Kwanza, liwe angavu ili mvutaji aone kiowevu kinapokaribia kuisha, kwa sababu utambi mkavu huungua na kutoa kemikali hatari kama vile fomaldehaidi. Pili, lisiliwe na kiowevu, wala lisitie chochote ndani ya kiowevu. Tatu, lisivunjike likianguka. Nne, gharama ya kulitengeneza iwe ya chini.

Hakuna kitu kimoja kinachotimiza matakwa hayo yote. Kila mtengenezaji hulazimika kuchagua lipi atalitimiza na lipi atalipunguza. Aghalabu, lile la gharama hupewa kipaumbele.

Plastiki na mafuta ya mdalasini

Kiowevu hiki si maji. Sehemu yake kubwa ni propilini glaikoli na gliserini, ambazo huongezwa nikotini na viungo vya ladha. Kemikali hizo mbili za kwanza hazina ukali mkubwa kwa plastiki nyingi. Ukali umo katika ladha.

Mpishi wa Pwani angeelewa jambo hili bila kufundishwa kemia. Achari ya ndimu haiwekwi katika chombo cha shaba wala cha alumini. Huwekwa katika chupa ya kioo, kwa sababu ukali wa ndimu hula chombo, nacho chombo huharibu achari.

Matangi mengi ya mwanzo yaliundwa kwa plastiki mbili ngumu na angavu: polikaboneti, ambayo pia hutumiwa kuundia lenzi za miwani, na akriliki. Zilichaguliwa kwa sababu huonekana kama kioo, hazivunjiki kwa urahisi kama kioo, na huweza kumiminwa kwa maelfu katika kalibu moja.

Si muda mrefu, watumiaji waligundua kwamba viowevu vyenye ladha ya mdalasini, ndimu, chungwa, bizari tamu au mnanaa vilifanya matangi hayo yapate ukungu, kisha nyufa, na hatimaye kupasuka. Mengine yalipasuka katika muda wa saa chache tu baada ya kujazwa.

Sababu yake yajulikana na wanakemia. Molekuli za plastiki hizi ni kama nyuzi ndefu za makumbi zilizosokotana bila mpangilio. Plastiki inaposukumwa katika kalibu kwa nguvu na kupoa haraka, nyuzi hizo hubaki zimevutana. Mafuta ya mdalasini au ya maganda ya machungwa hupenya katikati ya nyuzi na kuzilegeza. Palipokuwa na mvutano, ufa huanza.

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa tangi limepasuka, si mvutaji anunue jingine? Jawabu ni kwamba kiowevu kinachovuja huwa na nikotini, ambayo hupenya ngozi na huweza kumdhuru vibaya mtoto mdogo akiimeza. Isitoshe, kabla ya ufa kuonekana kwa macho, kiowevu huwa tayari kinaingiliana na plastiki, na mvutaji huendelea kuvuta bila habari.

Kuna suala jingine kuhusu polikaboneti. Plastiki hiyo hutengenezwa kwa kemikali iitwayo bisfenoli A, ambayo huvuruga homoni za mwili. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika chupa za kunyonyeshea watoto mwaka 2011. Mnamo Desemba 2024 ulipitisha kanuni ya kuiondoa katika vyombo vinavyogusana na chakula kwa jumla. Ni vigumu kueleza kwa nini kitu kisichofaa kugusana na chakula kifae kugusana na kiowevu kinachopashwa moto na kuvutwa hadi mapafuni.

Watengenezaji walitafuta plastiki mbadala. Polipropilini, ambayo wengi wetu tunaijua kutokana na vyombo vya kuhifadhia chakula jikoni, huvumilia mafuta ya ladha kuliko akriliki kwa sababu sehemu ya molekuli zake hujipanga kwa utaratibu na kuacha nafasi ndogo ya kupenywa. Lakini rangi yake ni ya maziwa, si angavu, ni laini, na hushika harufu. Vifaa vingi vya kisasa vyenye vibweta vya kubadilisha hutumia plastiki za jamii ya poliesta, ambazo ni angavu na hazipasuki haraka.

Kila hatua imekuwa na nafuu fulani. Hata hivyo, nafuu hiyo ilitokana na malalamiko ya wateja waliomwagikiwa na viowevu mifukoni, si sheria. Kasoro isiyoonekana haina mlalamishi, na ndiyo sababu metali hazikupata mashaka mapema.

Kioo nacho kina kasoro

Kwa mtazamo wa kemia, kioo ndicho chombo bora. Hakiliwi na mdalasini wala ndimu, hakishiki harufu, na hakitoi chochote cha kutajika ndani ya kiowevu.

Kioo kinachotumiwa mara nyingi katika matangi ya hadhi ni kile kilichochanganywa na boroni, ambacho mwanakemia Mjerumani Otto Schott alikibuni mwishoni mwa karne ya 19 na ambacho kampuni ya Corning ya Marekani ilikiingiza jikoni mwaka 1915 kwa jina la Pyrex. Sifa yake ni kwamba hutanuka takriban thuluthi moja tu ya kioo cha kawaida kinapopata joto. Kwa hivyo, hakipasuki kwa urahisi kwa kupashwa moto na kupoa mara kwa mara. Ndicho kilichoko katika maabara za shule zetu.

Kasoro ya kioo yajulikana na kila mtu. Kikianguka sakafuni, huvunjika. Aidha, ni kizito na huongeza gharama. Kifaa cha kutupwa baada ya siku chache hakiundwi kwa kioo, kwa sababu hakuna faida itakayobaki.

Hata sheria yenyewe huweza kumsukuma mtengenezaji aache kioo. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2014 kuhusu tumbaku, lililoanza kutumika Mei 20, 2016, linataka kifaa kilindwe dhidi ya kuvunjika na kuvuja. Ni takwa la busara. Lakini njia rahisi ya kulitimiza ni kutumia plastiki ngumu. Kinga dhidi ya hatari moja inaweza kufungulia nyingine mlango.

Vilevile, tangi la kioo halisimami peke yake. Juu na chini lina vifuniko vya metali, katikati lina bomba la metali, na ndani lina waya na viungio vya umeme. Kiowevu hugusa vyote hivyo. Mnunuzi anayejivunia tangi la kioo amekagua ukuta wa nyumba na kusahau paa na sakafu.

Metali: hapa ndipo penye hatari kubwa

Chuma kisichoshika kutu ndicho chaguo la kuaminika zaidi kwa sehemu za metali. Aina moja maarufu huwa na kromiamu ya takriban asilimia 18 na nikeli ya asilimia 8. Nyingine, inayotumiwa sana katika vifaa vya hospitali, huongezwa molibdenamu ili istahimili chumvi na asidi. Ni metali ngumu. Kuikereza kunahitaji muda na hula ncha za mashine.

Shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki, ni laini na hukerezwa haraka. Ili ikerezwe kwa urahisi zaidi, viwanda huiongeza madini ya risasi. Aina inayotumiwa sana kwa kazi hiyo huwa na risasi ya takriban asilimia tatu. Risasi hufanya vipande vinavyokatwa vivunjike vidogovidogo badala ya kujisokota kwenye mashine. Hali ni hiyo hiyo kwa baadhi ya michanganyiko ya shaba na bati.

Mtengenezaji huweza kuifunika shaba hiyo kwa utando mwembamba wa nikeli au kromiamu, ikang'aa kama chuma bora. Mnunuzi hawezi kutofautisha kwa macho. Utando ukichubuka au ukiwa na matundu, kiowevu hufikia shaba, na shaba huachilia risasi.

Mnamo 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mvuke wa sigara za kielektroniki ulikuwa na chembechembe za bati, fedha, chuma, nikeli na alumini. Bati hilo lilihusishwa na lehemu za viungio vya ndani. Hiyo ilikuwa ishara ya mapema kwamba kifaa chenyewe hujiyeyusha polepole na kuingia katika mvuke.

Mwaka 2018, wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walikwenda hatua zaidi. Walikusanya vifaa vya wavutaji 56 na kupima kiowevu katika hatua tatu: kikiwa bado katika chupa ya dukani, kikiwa kimekaa ndani ya tangi, na kikiwa mvuke.

Matokeo yalikuwa ya kutamausha. Kiowevu cha chupani kilikuwa na metali kidogo sana. Baada ya kugusana na kifaa, hali ilibadilika. Kiwango cha kati cha risasi katika mvuke kilizidi kile cha chupani kwa zaidi ya mara 25. Karibu nusu ya sampuli za mvuke zilikuwa na risasi iliyopita viwango vya usalama vya mamlaka ya mazingira ya Marekani. Nikeli, kromiamu na manganizi pia zilipatikana.

Ufafanuzi zaidi ulitolewa Juni 2025 na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliofungua vifaa vya kutupa na kuchunguza sehemu zake. Katika baadhi ya vifaa, walipata sehemu zilizoundwa kwa mchanganyiko wa shaba na bati uliotiwa risasi, ambazo zilikuwa zikiachilia risasi na nikeli moja kwa moja ndani ya kiowevu. Kifaa kimoja kilitoa, kwa matumizi ya siku moja, risasi nyingi kuliko karibu pakiti 20 za sigara za kawaida.

Ni haki kusema kwamba si kila kifaa kilikutwa hivyo. Tofauti kati ya kifaa kimoja na kingine zilikuwa kubwa. Wala hakuna anayedai kwamba sigara ya kawaida, ambayo huua mamilioni ya watu duniani kila mwaka, ni salama. Mamlaka za afya za Uingereza zimeshikilia kwa miaka mingi kwamba mvutaji wa sigara anayehamia kabisa kwenye mvuke hupunguza madhara anayopata.

Lakini tofauti hizo ndizo zinazothibitisha hoja yetu. Ikiwa kifaa kimoja kinatoa risasi tele na kingine karibu hakitoi, basi sumu hiyo si lazima. Inaweza kuepukwa. Ni matokeo ya uamuzi wa mtu fulani wa kutumia shaba yenye risasi mahali ambapo chuma bora kingefaa.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashikilia kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Risasi huharibu ubongo, hasa wa watoto na vijana, na hurundikana mifupani kwa miaka mingi. Ni vijana hao hao ambao vifaa vya kutupa vyenye rangi za kupendeza huwavutia zaidi.

Kwa nini mtengenezaji huchagua kibaya?

Vifaa vingi vya aina hii duniani huundwa katika jiji la Shenzhen, kusini mwa Uchina, hususan wilaya ya Bao'an. Humo kuna viwanda vinavyoweza kuunda chombo bora kabisa, na viwanda hivyo hivyo huweza kuunda cha bei duni. Kinachoamua ni agizo la mnunuzi na sheria ya nchi kinakopelekwa.

Katika kifaa cha kutupa, kila senti huhesabiwa. Kipande kidogo cha shaba kinachokerezwa kwa sekunde chache, kikizidishwa kwa mamilioni ya vifaa, huleta tofauti kubwa ya faida. Muundaji hujua kwamba kifaa kitatupwa kabla ya mtu yeyote kukilalamikia.

Kuna pia suala la muda. Kiowevu cha kifaa cha kutupa hutiwa kiwandani, husafirishwa kwa meli, hukaa bandarini na ghalani, kisha huwekwa katika rafu ya duka. Tofauti na tangi la kujazwa nyumbani, hapa kiowevu na metali hukaa pamoja kwa miezi kadhaa kabla ya mvuto wa kwanza. Ndani ya kontena lililoanikwa juani, joto huweza kupita nyuzi 50, na joto huharakisha athari za kikemia.

Tena, viowevu vingi vya siku hizi hutumia nikotini iliyochanganywa na asidi ili isikere koo. Mtindo huo ulienezwa na kampuni ya Juul ya Marekani baada ya mwaka 2015. Kiowevu chenye asidi hakina tabia sawa na kile cha awali mbele ya metali, na majaribio yaliyofanywa kwa kiowevu cha zamani hayatoshi kuthibitisha usalama wa kipya.

Sheria za wenzetu

Umoja wa Ulaya umewekea tangi kikomo cha mililita 2, chupa ya kujazia mililita 10, na nikotini miligramu 20 kwa kila mililita. Mtengenezaji pia hutakiwa kutoa maelezo ya sehemu za kifaa miezi sita kabla ya kukiuza. Hilo ni jambo jema, ingawa kikomo cha ujazo hakisemi chochote kuhusu ukuta unaouzunguka ujazo huo.

Nchini Marekani, Mamlaka ya Chakula na Dawa ilipata uwezo wa kusimamia bidhaa hizi Agosti 2016. Sheria huko inataka kila kifaa kipya kiidhinishwe kabla ya kuuzwa. Lakini sehemu kubwa ya vifaa vya kutupa vilivyojaa madukani huko haikuwahi kupata idhini. Sheria nzuri bila utekelezaji ni sawa na kutokuwa na sheria.

Uingereza ilipiga marufuku vifaa vya kutupa Juni 1, 2025, ikitaja zaidi uchafuzi wa mazingira. Ubelgiji na Ufaransa zilitangulia mapema mwaka huo.

Jambo ambalo linapasa kutushughulisha zaidi ni msimamo wa Uchina. Kanuni zake zilizoanza kutumika Mei 2022 zasema kwamba kifaa kinachoundwa kwa ajili ya kuuzwa nje kitimize sheria na viwango vya nchi kinakopelekwa. Ikiwa nchi hiyo haina viwango, ndipo kitimize vile vya Uchina.

Maana ya kifungu hicho ni nzito. Nchi ikitunga sheria nyepesi inayotaja nikotini na matangazo ya biashara pekee, itakuwa imempa muuzaji nje fursa ya kudai kwamba ametimiza kila alichotakiwa. Sheria iliyo na pengo huweza kuwa mbaya kuliko kutokuwa nayo kabisa.

Kenya na pengo lake

Sheria yetu ya Kudhibiti Tumbaku ilipitishwa mwaka 2007, wakati bidhaa hizi zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia katika masoko ya Ulaya na Marekani. Haikutungwa kwa kufikiria betri, waya na tangi.

Serikali ilikumbuka kwanza ushuru. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ilitoza Sh70 kwa kila mililita ya kiowevu chenye nikotini. Marekebisho ya sheria za kodi yaliyoanza kutumika Desemba 2024 yalipandisha kiasi hicho hadi Sh100. Lakini hakuna ushuru unaouliza ikiwa kiowevu hicho kimehifadhiwa katika kioo au katika shaba yenye risasi.

Mwaka 2024, mswada wa kurekebisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku uliwasilishwa katika Seneti na Seneta maalum Catherine Mumma, ukilenga kuingiza bidhaa mpya za nikotini chini ya udhibiti wa sheria hiyo. Hatua hiyo yafaa kupongezwa. Hata hivyo, mjadala ulioandamana nayo umeelekea zaidi kwenye ladha, umri wa mnunuzi na maonyo kwenye pakiti.

Wapo watakaosema kwamba kuweka viwango vya tangi ni kuihalalisha bidhaa mbaya. Kwao, dawa pekee ni marufuku, kama ilivyofanya Uganda kupitia Sheria yake ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015. Hoja hiyo ina uzito. Taifa lina haki ya kukataa bidhaa inayowatia vijana wake uraibu.

Lakini tujikumbushe kwamba Kenya ilipiga marufuku shisha Desemba 2017, na miaka mingi baadaye polisi wangali wakifanya misako katika vilabu. Marufuku isiyotekelezwa haiondoi bidhaa sokoni. Huiondolea ukaguzi tu. Iwapo tutaruhusu vifaa hivi, tuvikague. Iwapo tutavikataza, bado maabara zetu zitahitaji kujua ni nini kimo ndani ya vile vitakavyonaswa, ili hospitali zijue zinatibu nini.

Tunaijua risasi

Wakenya hawahitaji kuhubiriwa kuhusu madini ya risasi. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa waliathiriwa na risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwanaharakati Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano yao, alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mahakama iliwapa wakazi hao fidia ya Sh1.3 bilioni mnamo 2020, Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Fauka ya hayo, ni jijini Nairobi ambako Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitangaza Agosti 2021 kwamba petroli yenye risasi imekwisha duniani. Ilichukua takriban karne moja kuiondoa. Ilikuwa imetiwa kwa sababu ile ile inayotiwa katika shaba ya manjano: ilirahisisha kazi ya mashine, na madhara yake yakaachiwa wengine.

Itakuwa kinaya ikiwa risasi tuliyoifukuza barabarani itarejea kupitia kifaa kinachovutwa na kijana wa shule ya upili.

Nini kifanyike?

Kwanza, sheria itaje wazi kwamba sehemu yoyote inayogusana na kiowevu au mvuke isiwe ya metali iliyotiwa risasi. Hilo ni takwa rahisi kuandika na rahisi kupima.

Pili, kila mwagizaji atakiwe kutangaza kwa maandishi tangi, bomba, waya na mipira ya kuzuia kuvuja vimeundwa kwa nini. Nchi haiwezi kukagua kitu ambacho haijui kuwa kipo.

Tatu, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini, KEBS, lipime mvuke, si kiowevu cha chupani pekee. Utafiti wa mwaka 2018 umetufunza kwamba chupa inaweza kuwa safi na mvuke ukawa na sumu. Vipimo vifanywe baada ya kifaa kuhifadhiwa kwa wiki kadhaa katika joto linalolingana na la Mombasa au Garissa, si katika chumba chenye ubaridi.

Nne, vifaa vya kutupa viangaliwe kwa jicho la pekee. Ndivyo vyenye sababu nyingi zaidi za kuundwa vibaya: bei ya chini, uhai mfupi, na kiowevu kilichokaa ndani kwa miezi. Kama Bunge litaona vyema kuvipiga marufuku peke yake, litakuwa na sababu za kutosha.

Gharama za hatua hizi zitawaangukia waagizaji, na watalalamika. Lakini gharama haikuanza na sheria. Ipo tayari, ila kwa sasa inalipwa na mtu asiyejua kwamba anailipa.

Wabunge wanapopima ladha na nikotini, na wakipime chombo. Kijana anayevuta mvuke wa embe huenda amesoma kiwango cha nikotini kilichochapishwa kwenye pakiti. Hakuna pakiti inayomwambia kwamba kile kipande kidogo kinachong'aa ndani yake kina risasi.